Farasi Aliyemng'ata Pagma

Pagma, binti wa Jamyan, alizaliwa katika kambi ya majira ya baridi, mwaka ambao upepo uling'oa kifuniko cha paa la hema na kukipeleka kwa watu wa bonde la pili. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto yule aliona anga kabla hajaona uso wa mtu, na huenda ndiyo sababu hakujua kuinamisha kichwa. Alikuwa msichana pekee kati ya kaka wengi. Kaka hao walipokuwa wakifunza farasi wachanga kubeba mtu, yeye ndiye aliyewekwa juu kwanza, kwa kuwa alikuwa mwepesi. Alianguka, akapanda. Akaanguka tena, akapanda tena, pua inatoka damu na hataki kufutwa. Alipofika umri wa kuolewa miguu yake ilikuwa imepinda kama koleo la jikoni, na katika bonde lile zima hapakuwa na farasi wa kumkatalia tandiko.

Aliolewa na Gombo, mtu mpole wa maneno machache, aliyekuwa na mdogo wake aitwaye Choijil. Wakwe walikuwa wamekwisha kufa, kwa hiyo Choijil alilelewa na Pagma. Alimfuta kamasi, akamshonea joho la ngozi ya kondoo, akamfunza kukaa juu ya farasi bila kushika nywele za shingo. Choijil alikua akawa mfunzaji wa farasi wa mbio, jina lake likafika mabonde ya mbali, na siku za sikukuu kifua chake hakikuonekana kwa medali. Lakini kwa Pagma alibaki yule yule mtoto wa kamasi, na alimwambia hivyo mbele ya wageni, naye Choijil alicheka tu.

Gombo alipofariki Pagma hakuhama. Mwanawe, Dashnyam, alikuwa mjini akiendesha lori la makaa ya mawe, ana mke na nyumba ghorofa ya nne. Kila vuli alikuja kumsaidia mama yake kuhamia kambi ya baridi, na kila vuli alisema neno lile lile, "Mama, twende mjini." Na Pagma alimjibu lile lile, "Nitakwenda siku nitakayoshindwa kutandika farasi wangu." Lilikuwa jibu jepesi. Kwake lilikuwa sawa na kusema atakwenda mlima ukihama.

Aliwahi kulala kule ghorofani mara moja. Aliporudi majirani walimwuliza habari za mji, naye akasema ni kuzuri, ila hewa ya kule imeshavutwa na watu wengine.

Kisha ukaja mwaka ule mbaya, theluji ikayeyuka kidogo ikaganda tena, nyasi zikafungiwa chini ya barafu na mifugo ikafa imesimama. Farasi wake wa miaka mingi, mweusi mwenye mwendo wa taratibu, alilala asubuhi moja nyuma ya zizi na hakuinuka. Walibaki mbuzi na kondoo wachache waliokonda, na mwenye mifugo hana cha kupanda. Huku kwetu mtu wa namna hiyo ni sawa na aliyekatwa miguu.

Majani yalipochipua Choijil akaja, amempanda farasi wake mmoja na kumvuta mwingine kwa kamba. Huyo wa kuvutwa alikuwa mwekundu kama shaba iliyosuguliwa, mgongo mpana, kifua kizuri. Sisi farasi hatumpi jina, tunamwita kwa rangi yake, basi akawa Mwekundu.

"Shemeji, huyu ni wako," alisema Choijil.

"Nani kakwambia nimeomba farasi?"

"Hakuna. Nimekuja kupunguza midomo inayomaliza nyasi zangu."

Pagma alimzunguka yule mnyama. Akamtazama kwato, akamfungua mdomo, akampitishia kiganja mgongoni. Moyoni alikuwa ameshukuru, kwa maana farasi wa namna ile haletwi mlangoni kwa mtu bure. Lakini uso wake haukusema kitu. Choijil aling'oa nywele chache za shingo ya Mwekundu akazitia kifuani mwa joho, ili baraka ya zizi lake isiondoke yote, kisha akamkabidhi kamba kwa mikono miwili.

Walikaa ndani, wakabadilishana vichupa vya ugoro, chai ya maziwa ikamiminwa. Choijil akakohoa.

"Shemeji, kuna neno moja juu ya huyu. Wakati wa kumtandika…"

"Choijil."

"Naam."

"Nani alikufundisha kutandika farasi?"

"Wewe."

"Basi kunywa chai yako."

Choijil akanywa chai yake, na lile neno akalimeza pamoja nayo.

Sasa, Pagma alikuwa na sheria alizorithi kwa baba yake, na hakuna aliyewahi kuzitia kasoro. Farasi wa kazi hatandikwi na tumbo lililojaa. Alfajiri analetwa kutoka malishoni, anafungwa kwenye kamba ndefu iliyovutwa juu kati ya nguzo mbili, anasimama hapo mpaka tumbo lipungue. Kisha anakwanguliwa mwili mzima kwa kipande cha ubao mwembamba, ule ubao wa kukwangulia jasho na vumbi, ili chembe ya mchanga isibaki chini ya tandiko. Ndipo inawekwa pedi ya sufu, ndipo tandiko, ndipo unafungwa mkanda wa mbele wa tumbo na mwisho ule wa nyuma. Baba yake alifanya hivyo, kaka zake walifanya hivyo, na farasi wao hawakuwa na vidonda mgongoni.

Asubuhi ya kwanza Mwekundu alisimama kwenye kamba akimtazama kwa jicho moja. Pagma alipouweka ubao shingoni, masikio yakalala nyuma. Alipofika mbavuni ngozi ikaanza kutetemeka kama ya mtu anayetekenywa. Na alipouvuta mkanda wa nyuma, yule farasi akageuza shingo bila haraka, akakamata mshipi wa joho lake kwa meno na kuuvuta.

"Una utani wewe," Pagma alimwambia.

Haukuwa utani. Siku iliyofuata alikamata sikio la kofia. Kisha mkono wa joho, kisha nyama iliyokuwa ndani ya mkono wa joho, palepale juu ya kiwiko ambapo mtu mzee hana mafuta ya kumkinga. Pagma aliona nyota mchana. Alifunga kitambaa, akapanda, akaenda kwa kondoo wake, na njiani, kusema kweli, Mwekundu alikuwa farasi wa raha kuliko wote aliowahi kupanda. Alikwenda kama maji. Alisimama pale alipotakiwa, akageuka kwa kuguswa tu na goti. Ungemwekea bakuli la maziwa kichwani mpandaji wake lisingemwagika. Mtu mzima unaweza kumsamehe mnyama wa namna hiyo mengi, na Pagma alisamehe. Ila kila asubuhi alizunguka zizi mara mbili kabla ya kuthubutu kumkaribia na tandiko, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa msichana wa kuangushwa na farasi wachanga.

Akajaribu hiki na kile. Alimfunga kichwa kwa kamba fupi, Mwekundu akaanza kutumia miguu ya nyuma. Alisimama mbali, akinyoosha mkono tu kama anayechukua sufuria motoni, na hapo ndipo farasi akapata nafasi nzuri ya kupimia shabaha. Alimpa vipande vya jibini kavu ili kumlainisha. Mwekundu akavipenda. Tangu hapo alimpekua kifuani na mdomo wazi hata kabla ya ubao kutokea, na asipolipata jibini alichukua kidole.

"Nenda kamwulize Choijil," angesema mtu mwingine yeyote. Pagma hakuwa mtu mwingine yeyote. Kila alipofikiria kwenda, alikumbuka mdomo wake mwenyewe ukisema kunywa chai yako, akageukia kondoo wake.

Siku moja mwishoni mwa kiangazi, usingizi haba, mkono unauma, alivuta mkanda wa nyuma na Mwekundu akamshika bega. Si kwa kubana tu. Alishika na kutikisa. Na Pagma, akiwa na ubao mkononi, akampiga nao puani.

Huku kwetu mtu hampigi farasi kichwani. Mlevi hampigi. Mtoto mdogo akifanya hivyo, ananyang'anywa hatamu mpaka mwaka ugeuke. Mwekundu alirudi nyuma mpaka nguzo ikainama, macho meupe, na Pagma alibaki amesimama, ule ubao mkononi kama kitu cha kuokota njiani.

Aligeuka, na pale kwenye kona ya zizi amesimama Tsermaa, mke wa Choijil, aliyekuwa amekuja kutafuta mbuzi waliopotea. Tsermaa aliutazama mlima. Akautazama muda mrefu kama anayesoma.

"Mbuzi zangu hawajapita huku, dada?" aliuliza hatimaye.

"Hawajapita."

"Haya. Nitaendelea."

"Hunywi chai?"

"Siku nyingine, dada yangu."

Tangu siku hiyo Mwekundu alirusha kichwa juu kila alipouona mkono ukiinuka, hata kama mkono ulikwenda kujikuna. Kumtia lijamu mdomoni ikawa vita. Zilipita asubuhi ambazo Pagma alimwacha kwenye kamba, akaenda kuchunga kwa miguu, akajiambia anamnyima kazi ili ajirekebishe.

Dashnyam alikuja kabla ya kuhama, kama kawaida yake, lori limejaa magunia ya unga na kichwa kimejaa maneno ya mke wake. Alikaa upande wa wageni, mama akamkabidhi bakuli la chai, na mkono wa joho ukateleza. Mkono wote ulikuwa wa zambarau na manjano.

"Mama, hiyo nini?"

"Mlango."

"Mlango una meno?"

Pagma aliushusha mkono wa joho. Dashnyam akaweka bakuli chini, na hakuongea kwa hasira. Angeongea kwa hasira, mama yake angemjibu.

"Nimepita kwa baba mdogo Choijil. Nimesikia unachunga kwa miguu. Watu wanakuona, mama. Mvua ya barafu ikikukuta ng'ambo kwa miguu, nani atajua? Mimi nitakuja kuambiwa majira ya machipuo?"

"Naweza kumtandika."

"Basi vizuri. Siku ya kuhama nitakuja na lori. Utamtandika mbele yangu, wewe mwenyewe, na utampanda. Ukifanya hivyo nitapakia hema na jiko nipeleke kambi ya baridi, na sitasema tena habari ya mji mpaka utakaponiambia wewe. Usipofanya hivyo, utapanda lori pamoja na jiko. Kondoo atawachukua baba mdogo. Ni neno lako mwenyewe hili, mama, mimi nimeliokota tu."

Kweli lilikuwa neno lake. Hakuwa na pa kulikwepa.

Asubuhi alipoondoka mwanawe, Pagma alimfungua Mwekundu, hakumwekea tandiko, hakumwekea hata pedi, akaishika kamba na kuanza kutembea kuelekea kambi ya Choijil. Mtu wa nyika kutembea kwa miguu akimvuta farasi mzima wa kupandwa, tena hachechemei, ni kichekesho cha mwaka. Watu wa hema la mtoni walitoka nje kumtazama.

"Bibi, farasi amekufa?" mmoja aliuliza.

"Angekufa ningemvuta?"

"Basi mgonjwa?"

"Mimi ndiye mgonjwa. Chunga kondoo wako."

Miguu yake iliyopinda haikuumbwa kwa kutembea, na njia ilikuwa ndefu. Alifika jua limeshasimama. Choijil alikuwa nje akisuka kamba ya nywele za farasi, na alikuwa amekwisha kumwona tangu akiwa tone jeusi upande wa pili wa bonde. Alikuwa na muda wa kutosha kutengeneza mzaha.

"Shemeji, amekuchosha yeye au umemchosha wewe?"

"Funga mbwa."

Ndivyo mgeni anavyobisha hodi huku kwetu, ingawa mbwa mwenyewe alikuwa amelala. Waliingia ndani, ugoro ukapokezanwa, Tsermaa akaleta chai na siagi na mkate wa kukaanga. Waliongea juu ya nyasi, juu ya binti wa fulani aliyeolewa, juu ya bei ya sufu. Pagma aliitazama chai yake mpaka utando ukaganda juu.

"Choijil," alisema. "Majira ya machipuo ulitaka kuniambia neno, nikakuziba mdomo. Lile neno bado unalo?"

Hapo ndipo Choijil angeweza kulipiza kamasi zote. Pagma alikuwa amejikaza kisabuni akisubiri. Lakini Choijil alishusha tu bakuli, akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Ninalo. Twende nje."

Nje alimshika Mwekundu kamba na kusimama naye begani, karibu kabisa, kama watu wawili wanaoangalia kitu kimoja.

"Huyu alikuwa wa mbio," alisema. "Na wa mbio unajua wanavyofanywa. Anafungwa kwenye kamba na njaa, siku baada ya siku, tumbo lipande. Anakimbizwa, anakwanguliwa jasho kwa ubao, anarudishwa kwenye kamba bila kula. Kesho hivyo hivyo. Wengine wanavumilia. Huyu hakuvumilia. Kwake kamba na ubao maana yake ni njaa na kufukuzwa mpaka mapafu yapasuke. Akiuona ubao asubuhi, ameshajua siku yake itakavyokuwa, na anakwambia mapema kwamba hataki. Hana mdomo mwingine wa kusemea."

Sheria zote za baba yake, kamba ya alfajiri, tumbo tupu, ubao, Pagma alikuwa amezifuata moja baada ya nyingine kwa uaminifu, na kila moja ilikuwa inamsimulia farasi yule habari ya njaa.

"Nilitaka kukwambia usimkwangue," Choijil aliendelea. "Na usimfunge. Mlete akiwa ametoka kula."

"Na tumbo limejaa?"

"Unakwenda mbio naye? Unakwenda kwa kondoo, shemeji. Kondoo hawakimbii."

"Kuna kingine," Pagma alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka Choijil akainama. "Nilimpiga. Usoni."

Choijil hakugeuka kumtazama mkewe aliyekuwa mlangoni. Aliinua mkono wake taratibu kuelekea paji la Mwekundu, na Mwekundu akarusha kichwa juu. Akaushusha. Akangoja. Akainua tena, chini zaidi, kiganja wazi.

"Niliona alivyorusha kichwa ulipofika," alisema. "Itachukua muda. Atakusamehe, ila si leo. Leo tuanze na kusimama."

Akamwonyesha. Usisimame mbali, kwa kuwa umbali ndio unaompa nafasi ya kugeuza shingo, simama umegusana naye bega kwa bega. Kiwiko chako kiwe kimetoka kidogo, akigeuza kichwa akikute chenyewe, kama mtu anayejigonga mlangoni gizani. Usimpige nacho, kiache tu kiwepo. Tupa ubao. Futa vumbi kwa kiganja na kwa kipande cha sufu, kuelekea manyoya yanakolala, na ukifika mbavuni bonyeza, usipapase, kupapasa ndiko kunakomtekenya. Mkanda wa mbele kwanza, ulegee. Wa nyuma uguse tu. Mtembeze hatua chache, apumue, ndipo uvute kidogo. Mtembeze tena. Na usimpe kitu mkononi, kamwe. Chakula chake kiko ardhini alikokiweka Mungu wa mbingu.

"Jibini nani alimfundisha?" Choijil aliuliza, Mwekundu akimnusa kifuani.

"Alijifundisha."

"Ana akili sana."

"Choijil."

"Nimenyamaza."

Alikaa kwao siku ile na iliyofuata, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu kifo cha Gombo. Tsermaa alimtandikia mahali pa heshima, kaskazini mwa hema, na hakusema hata nusu ya neno juu ya alichokiona zizini, si usiku ule wala baadaye. Pagma alilala akiwaza jinsi alivyokaa peke yake kiangazi kizima akiumia, ilhali ng'ambo ya mto walikuwepo watu wenye neno lake wakilitunza, wanangoja tu aulize.

Alirudi amempanda. Choijil ndiye aliyetandika, tena kwa tandiko lake, kwa hiyo hilo halikuhesabika.

Kuanzia hapo kila asubuhi Pagma alimfuata Mwekundu malishoni badala ya kumleta kwenye kamba. Alimkuta anakula, akasimama begani mwake na kumwacha ale. Siku za mwanzo hakubeba tandiko kabisa. Alimfuta kwa kiganja tu, akiongea naye upuuzi wote ambao mtu anayekaa peke yake huwa nao kifuani: nani kaoa, nani kafa, mbuzi gani mwizi. Mwekundu alitafuna na kusikiliza, sikio moja kwake na moja kwenye upepo. Siku Pagma alipoleta tandiko, farasi aligeuza shingo na kukuta kiwiko. Akasimama. Akageuza tena kesho yake, akakuta kiwiko, akaona kumbe hakina neno naye. Kichwa nacho kilishuka polepole mpaka Pagma akaweza kumfuta tongo za macho bila kuruka.

Lakini mkanda wa nyuma uliendelea kuwa mkanda wa nyuma. Siku nyingine Mwekundu alisimama kama jiwe, siku nyingine meno yaligongana hewani, karibu na sikio la Pagma. Hakuweza kujua leo itakuwa siku gani. Na barafu ilikuwa imeanza kuonekana kandokando ya mto asubuhi.

Siku ya kuhama lori la Dashnyam lilifika mapema. Hema lilikuwa limeshashushwa, nguzo zimefungwa, jiko limepoa limekaa juu ya nyasi kama mtu asiye na kwao. Dashnyam alisimama na funguo mkononi. Hakutaka mama yake ashindwe, na hilo lilionekana, maana hakuweza kutulia mahali pamoja. Ila mdomo wake ulikuwa umefungwa, na alikuwa ameacha nafasi kwenye kiti cha mbele cha lori.

Mwekundu alikuwa chini kidogo, anakula. Pagma alimwendea na tandiko begani. Akasimama karibu. Akamwacha amalize alilokuwa analing'oa. Akamvisha lijamu, kichwa kikabaki chini. Kiganja, kipande cha sufu, pedi, tandiko. Mkanda wa mbele, umelegea. Akaugusa wa nyuma, akautia kwenye pete yake. Akamtembeza. Nyuma yake alisikia funguo zikilia mkononi mwa mwanawe, zikanyamaza.

Akavuta.

Mwekundu akageuza shingo. Akapita kiwiko kwa juu, kwa kuwa farasi ana shingo ndefu akitaka, akafungua mdomo, na kuukamata mkono wa joho palepale juu ya kiwiko, mahali pa zamani. Dashnyam akapiga hatua. Pagma akamnyooshea kiganja kwa nyuma: kaa huko.

Hakuvuta mkono. Hakuinua mwingine. Alisimama tu, mkanda umeshikwa, akipumua kwa utaratibu ambao mwenyewe hakuusikia moyoni. Alihisi meno kupitia ngozi ya kondoo, yamekaa juu ya nyama yake, hayabani. Mwekundu naye alisimama, akimtazama kwa jicho moja kubwa lenye maji, kama anayeuliza kitu na kungoja jibu.

"Huendi kukimbia," Pagma alimwambia. "Tunahama tu."

Meno yakaachia. Mwekundu alipuliza pua, akashusha kichwa, akarudi kwenye majani. Pagma alivuta mkanda kidogo, akamtembeza, akavuta tena mpaka penye alama. Kisha akaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko na kupanda.

Dashnyam alifuta uso kwa kofia. "Haya, mama," alisema. "Nipakie jiko?"

"Ulitaka lijipakie?"

Njia ya kambi ya baridi inapita kwa Choijil. Lori lilitangulia, na Pagma alifika nyuma yake akiswaga kondoo, Mwekundu akienda kama maji. Tsermaa alikuwa amesimama njiani na birika na bakuli la jibini, kama inavyofanyiwa kila anayehama. Pagma alishuka, akalegeza mikanda ili mnyama apumue, wakanywa chai upande wa lori usio na upepo. Dashnyam alimsimulia baba yake mdogo yote aliyoyaona, kwa mikono miwili, na alipofika pale meno yalipokamata joho aliongeza kidogo. Pagma alimwacha aongeze.

Sisi hatuna desturi ya kushukuru kwa mdomo. Mtu akikupa farasi huwezi kumwambia asante ukaona umemaliza. Pagma alikuwa amebeba shukrani ile tangu machipuo, na tangu siku ile ya kutembea kwa miguu ilikuwa imekuwa nzito zaidi, na hakuwa na kitu ambacho Choijil hana, ila kimoja: hakuwahi kumwomba mtu yeyote amshikie farasi. Alimaliza chai, akasimama, akaenda kwa Mwekundu. Akaweka mkono kwenye mkanda.

"Choijil," aliita. "Njoo unishikie kichwa."

Watu wote waligeuka. Dashnyam alifungua mdomo. "Mama, si umetoka kumtandika mwenyewe sasa hivi…"

"Nimekuita wewe?"

Choijil alikuwa ameshainuka. Hakufanya mzaha, yeye ambaye mzaha ndio ulikuwa chumvi yake. Alikuja akaishika hatamu chini ya kidevu cha Mwekundu, akasimama wima, kifua mbele, kama siku alipokuwa mtoto akakabidhiwa farasi wa wageni awashike kwa mara ya kwanza. Mwekundu hakusogeza hata sikio.

Pagma alifunga mkanda wa mbele, kisha wa nyuma. Alichukua muda wake.

"Imekaa vizuri, shemeji?" Choijil aliuliza.

"Wewe uko upande huo, tazama mwenyewe."

Choijil akainama, akapitisha kidole chini ya mkanda. "Imekaa."

"Basi neno lako nimelikubali," alisema Pagma, akapanda.